Wimbo Mmoja Kabla ya Mlango

Mwezi uliopita mteja alinirudishia tangazo kwa mara ya nne. Rangi aliichagua mwenyewe, sasa eti inamkumbusha msiba. Bosi naye, badala ya kunitetea, akaniuliza mbele ya watu kama kweli nilisomea mawasiliano. Nikameza. Nikapanda daladala mpaka Mabatini, nikapanda kilima kati ya mawe, nikafungua mlango wa nyumbani, na neno langu la kwanza likawa: "Hivi hata vyombo hamkuosha?"

Mume wangu hakujibu. Alichukua sufuria, akaosha. Usiku, taa imeshazimwa, ndipo akasema: "Mama watoto, siku hizi naona naishi na bosi wako."

Usingizi ulikata.

Kesho yake jioni, ndani ya daladala, dereva akaweka Saida Karoli, ule wimbo wa Maria Salome uliovuma mwaka 2001, ambao wengi tunauita Chambua kama Karanga. (Vijana wanaoujua kupitia Salome ya Diamond na Rayvanny ya mwaka 2016, tusameheane, mimi ni wa ule wa kwanza.) Sehemu kubwa ni Kihaya, na mimi Msukuma sielewi kitu. Lakini nilishuka kituoni mabega yamelegea. Nikajiuliza kwa nini. Nadhani ni hivi: kutwa nzima kazi yangu ni maneno, kuyakata, kuyapanga, kuyatetea. Pale palikuwa na sauti ya mtu isiyonidai nihariri chochote.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha mwaka 2011 kwamba mtu akisikiliza muziki anaoupenda hadi kusisimka, ubongo wake humwaga dopamini, kemikali ileile inayohusika na raha ya chakula kitamu. Wazee wa Kisukuma wangewaambia hayo bila mashine. Hapa kwetu watu walilima kwa ngoma na nyimbo, na wachezaji wa Bagobogobo mpaka leo hurusha majembe juu huku wakicheza. Jua lilikuwa lilelile, ardhi ngumu ileile, ila mkono ulipata wa kumfuata.

Angalia lakini, muziki wako uwe wa kuupenda wewe, siyo ule unaosifiwa na wenzako. Na usije ukavaa spika za masikioni mezani wakati mwenzio anakusimulia siku yake. Huo sasa ni ukuta, na nimeona nyumba zikipoa hivyo hivyo, taratibu.

Tena wimbo haukumwambia bosi lolote. Hilo nililifanya mwenyewe Ijumaa, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini ambayo Jumatatu nisingekuwa nayo. Hakuomba radhi. Ila mbele ya watu hajarudia.

Siku hizi nikifika nakaa kwanza kwenye jiwe lililo nje ya nyumba. Wimbo mmoja tu. Wiki iliyopita mume wangu alinikuta hapo, akakaa kando, nikampa spika moja. Yeye ni Mhaya wa Bukoba, si unajua tena, hakuweza kuvumilia.

"Unajua hapa anasema..."

Nikamziba mdomo. "Usinitafsirie, baba. Ukiisha tunaingia. Vyombo leo zamu yangu."