Bull terrier si pambo la picha, mastaa!

Siku hizi kuna mastaa wanapozi na bull terrier utadhani ni saa mpya ya mkononi. Wawindaji wa Australia wanamjua vizuri zaidi. Humchanganya na mbwa wenye pua kali na mbio, kisha huenda naye kuwinda nguruwe pori. Huvishwa kinga ya kifua, maana meno ya nguruwe yanachana. Kazi yake ni kung'ata sikio na kushikilia mpaka mwindaji afike. Mwindaji makini humfundisha kwanza asiguse kondoo wala ng'ombe.

Sasa wewe staa unamfungia bandani mchana kutwa, mafunzo hakuna, jioni unamtoa acheze na watoto wa jirani upate laiki. Akishika mtoto, nani atamwachisha? Mbwa hatakuwa na kosa. Wadau mnasemaje?