Mwanamke wa ziwani akopeshwe chombo, si mtaji wa kuchuuza tu

Kila unapozungumziwa umaskini wa akina mama waishio kandokando ya Ziwa Viktoria, dawa inayotajwa mbele ya nyingine zote ni mkopo mdogo. Serikali huutaja, makanisa huutaja, mashirika ya wafadhili huutaja, na mgombea wa kiti cha kisiasa hawezi kumaliza hotuba yake ufuoni bila kuutaja. Hapana shaka kwamba nia ni njema. Mkono mtupu haulambwi, na mchuuzi wa omena asiye na shilingi za kununulia beseni la kwanza hana biashara ya kuzungumziwa. Hata hivyo, yafaa tuulize swali ambalo halijaulizwa vya kutosha: fedha hizo zikishamfikia mama huyo, huishia mikononi mwa nani?

Tuanze na jinsi samaki wanavyopatikana. Katika fuo nyingi za upande wa Kenya, kuanzia Busia hadi Migori, mashua, nyavu na injini ni mali ya wanaume, na waingiao majini usiku ni wanaume vilevile. Mwanamke hungoja nchi kavu. Mashua zirudipo alfajiri, yeye ndiye anunuaye, aanikaye, apakiaye magunia na kuyasafirisha hadi masoko ya mbali. Jasho lake ni jingi, lakini hana kauli juu ya kiasi kitakachovuliwa, wala bei, wala nani atakayeuziwa kwanza. Na wanunuzi wanapokuwa wengi kuliko samaki, fedha pekee hazimhakikishii beseni. Hapo ndipo yalipozaliwa mazoea yajulikanayo kama jaboya, ambapo mvuvi humtengea samaki mwanamke aliyekubali kuwa na uhusiano wa kimwili naye, na aliyekataa hurudi nyumbani mikono mitupu.

Wengi wanaoandika juu ya jaboya huichukulia kuwa ni suala la maadili tu, na suluhisho lao huwa ni mahubiri na semina. Sikatai kwamba maadili yamo. Lakini mzizi wa jambo hili ni uhaba na umiliki. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya ziwa hilo, ilhali sehemu kubwa iliyosalia imo Tanzania na Uganda. Matokeo yake si ya kufanyiwa mzaha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 kuhusu virusi vya Ukimwi ulionyesha kwamba kiwango cha maambukizi miongoni mwa watu wazima nchini kilikuwa asilimia 4.9, katika Kaunti ya Homa Bay kilikuwa asilimia 19.6. Tofauti hiyo ina sababu nyingi, na biashara ya samaki kwa njia ya jaboya ni mojawapo.

Sasa na tuchukue mfano. Ufuoni pana wachuuzi 20, na samaki wanaoletwa wanatosha wanunuzi 10. Shirika linakuja, linaunda makundi, linawakopesha wote 20. Je, samaki wameongezeka? Hata mmoja hakuongezeka. Kilichoongezeka ni fedha zinazomfuata samaki yuleyule. Mwenye mashua hupandisha bei, au huiacha bei ilipo na kudai kile kingine. Baada ya miezi michache mkopo wa mama umehamia mfukoni mwake, na deni limebaki palepale kwa mama. Mkopeshaji naye ataandika katika ripoti yake kwamba wanawake 20 wamewezeshwa.

Historia ya ziwa lenyewe ingetosha kutufunza. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipozaana na kulijaza ziwa, viwanda vya kumkata minofu na kumpeleka ng'ambo vilianza kujengwa katika miaka ya 1980. Wanawake waliokuwa wakikausha samaki kwa moshi na kuwauza masokoni walijikuta wamesukumwa kando, kwani aliyekuwa na barafu, lori na jokofu ndiye aliyewafikia wavuvi kwanza. Kilichowabakia ni mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa baada ya mnofu wote kuondolewa. Katika mtaa wa Obunga mjini Kisumu mifupa hiyo ilikaangwa na kuuzwa kwa wasiojiweza, na biashara hiyo ikazilea familia nyingi. Jina lenyewe linatosha kueleza hali ya muuzaji na ya mnunuzi. Akina mama hao hawakupoteza sangara kwa kukosa vijisenti vya mtaji. Walimpoteza kwa sababu vyombo vya kumvua, kumhifadhi na kumsafirisha vilikuwa vya watu wengine.

Mikopo midogo kama tuijuavyo leo haikuanzia ufuoni. Chimbuko lake mashuhuri ni Bangladesh, ambako mwaka 1976 mwalimu wa uchumi, Muhammad Yunus, alianza kuwakopesha watu wa kijiji cha Jobra, wakiwamo wanawake waliofuma viti vya mianzi. Jaribio hilo lilizaa Benki ya Grameen mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hapa kwetu, Kenya Women Finance Trust ilianzishwa mwaka 1981, na serikali ikaanzisha Hazina ya Wanawake mwaka 2007. Mfumaji wa viti hufuma leo akauza kesho, juma baada ya juma, na kwa hiyo kulipa kila juma kunamfaa. Mchuuzi wa omena hana majuma yanayofanana.

Omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapoangaza, taa hazina nguvu ya kuwavuta, na kwa siku kadhaa katika kila mwezi mashua hurudi na kidogo au hazitoki kabisa. Zaidi ya hayo, kila mwaka uvuvi wa omena hupigwa marufuku kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki hao wazaliane. Marufuku hiyo ni ya busara na haifai kulaumiwa. Lakini karatasi za mkopo hazina habari nayo.

Mwalimu wa hesabu anayesoma ukurasa huu anaweza kuwapa wanafunzi wake swali hili. Mama amekopa shilingi 10,000 kwa riba ya asilimia 20, inayokokotolewa juu ya kiasi chote cha awali, na anatakiwa kulipa kwa majuma 50. Atarejesha shilingi 12,000, yaani shilingi 240 kila juma. Miezi minne ya marufuku ina majuma 17, kwa hiyo katika muda ambao hauzi omena atadaiwa shilingi 4,080. Atazitoa wapi? Kisha waulizwe swali la pili: kwa kuwa kila juma anarejesha sehemu ya fedha, na kwa wastani anakaa na takriban nusu tu ya zile 10,000, riba halisi anayolipa ni asilimia ngapi? Watapata jibu linalokaribia 40. Nimechagua tarakimu hizi kwa ajili ya mfano tu, lakini hesabu ya namna hiyo ingefaa kufundishwa katika kila shule iliyo karibu na maji, kwa maana wengi wa wanafunzi hao watakuwa wakopaji kabla hawajawa kitu kingine chochote.

Mfuko wa Hustler uliozinduliwa Novemba 2022 uliipunguza riba, na hilo ni la kusifiwa. Lakini mkopo wake wa kwanza wa mtu binafsi, ulioanzia shilingi 500, ulitakiwa kurejeshwa katika siku 14. Siku 14 ni nusu ya mwandamo wa mwezi. Aliyekopa katika tarehe mbaya aliweza kuziona zikiyoyoma huku mbalamwezi ikiwaka.

Isitoshe, ile dhamana ya kikundi inayosifiwa sana ina kasoro kubwa ufuoni. Wazo lake ni kwamba mmoja akishindwa, wenzake watamlipia. Wazo hilo hufaa pale ambapo mmoja ni mshonaji, mwingine anafuga kuku na wa tatu anauza mboga. Lakini wanachama wote wakiwa ni wachuuzi wa omena wa ufuo mmoja, wote hukosa samaki siku moja na wote hushindwa kulipa juma moja. Wa kumlipia mwenzake hayupo. Kinachofuata ni kuuzwa kwa mbuzi, viti na masufuria, na ugomvi baina ya majirani ambao kabla ya mkopo walikuwa wakisaidiana kwa michango ya chama chao wenyewe.

Mkopo wa namna gani basi ungefaa? Kwanza, marejesho yafuate ziwa: mama alipe kwa wingi samaki wanapopatikana, asidaiwe kati ya Aprili na Julai. Pili, akopeshwe kilicho na uwezo wa kuiongezea thamani omena iliyokwisha kuvuliwa. Omena huanikwa mchangani au juu ya nyavu kuukuu. Mvua ikinyesha huoza, au huuzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku. Vichanja vya kuanikia na paa la kuezekea si vitu vya gharama kubwa, na havimlazimishi mtu kushindania beseni alfajiri.

La tatu ndilo gumu, nalo ni chombo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanawake wa ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, walisaidiwa na wafadhili kupata mashua zao wenyewe ili kuikomesha jaboya. Kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kwenda kuvua, waliwaajiri wanaume wawavulie. Kwa mara ya kwanza mwanamke ndiye aliyeamua samaki wauzwe kwa nani. Badiliko hilo halikuletwa na semina yoyote.

Kuna watakaosema kwamba ziwa limekwisha kulemewa na mashua, na kuongeza nyingine ni kuwamaliza samaki. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini sisemi mashua ziongezwe. Nasema zibadilishe wenyewe. Leseni hutolewa kila mwaka, na kamati za usimamizi wa fuo zilizowekwa chini ya kanuni za mwaka 2007 zina orodha ya vyombo. Chombo kinapozeeka au mwenyewe anapokiacha, kundi la akina mama lipewe nafasi ya kwanza na mkopo wa miaka mitatu au minne, si wa majuma 50. Huko Pwani, katika kijiji cha Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, wanawake wanalima mwani baharini. Bei yake si ya kujivunia, lakini zao ni lao tangu kamba inapofungwa hadi mwani unapokauka, na hakuna wanayemngoja ufuoni.

Wakopeshaji hujibu kwamba mashua ni dhamana mbaya, kwa kuwa huoza, huzama na huibwa. Ni kweli. Mashua za Nduru zilichakaa, nyingine zikaharibika, na mafuriko ya mwaka 2020 yakakizamisha kijiji chenyewe na kuwahamisha wakazi wake. Lakini ng'ombe naye hufa kwa ukame, na hilo halikuizuia serikali kuanza, mwaka 2015, kuwalipia bima wafugaji wa Turkana na Wajir. Sioni ni kwa nini mashua ya mama wa Nduru isikadiriwe thamani na kukatiwa bima ya mafuriko na dhoruba, ada yake ikitolewa katika riba ambayo tayari anailipa.