Mha wa Kidahwe, na Sichagui Moja

Mimi ni Mha wa Kidahwe, pale barabara itokayo Kigoma inapogawanyika, moja ikielekea Kasulu na nyingine Uvinza. Ni mwanafunzi wa elimu ya viumbe, ninayechunguza samaki wa Ziwa Tanganyika. Ni mchoraji wa mkaa na rangi. Tena ni mtunzi wa mashairi ya vina na mizani. Utambulisho huo ungetosha, lakini kila ninapoutoa najibiwa kwa methali ile ile: mshika mawili, moja humponyoka.

Methali naiheshimu. Ninalolikataa ni kuigeuza rungu la kuwapigia vijana. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alifanya kazi ya uhakimu, akaandika historia na mila za Wagogo, na ndiye aliyezisimamisha ngonjera. Nini kilimponyoka? Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali huku akitunga mashairi, insha, riwaya na wasifu wa Siti binti Saad. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichomi mwaka 1974, akiwa tayari mwandishi wa riwaya. Waliomkasirikia walimkasirikia kwa kuviacha vina (nami si kila shairi lake nalipenda), si kwa kushika kalamu mbili.

Hoja ya pili inaudhi zaidi: eti mtu wa bara, mwenye Kiha kinywani, hana sikio la ushairi. Waungwana, Kiswahili kilinenwa Ujiji na watu wa misafara miaka mingi kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Hatukukiazima jana. Na Kiha hakinipunguzii silabi hata moja. Ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, hivyo nilizoezwa kusikiliza kabla sijajua kuandika.

Kisha niacheni na samaki wangu. Wavuvi wetu wana majina mengi, migebuka na kuhe yakiwa machache tu, na mengine sijayakuta katika kamusi yoyote niliyoifungua. Nikiacha maabara nitayajuaje? Nikiacha ushairi, nani atayatia katika beti?

Anayetaka kunikosoa na alifungue shairi langu, ahesabu mizani, autaje mshororo uliopungua. Nitaurekebisha siku hiyo hiyo. Kuniuliza kwa nini nachora kuhe si uhakiki.