Mwizi wa Muvi Zetu Ana Mkataba Mkononi

Najua UE inanukia na kila mtu kajichimbia maktaba, ila hili limenikaa kooni, bora niliteme.

Hapa chuoni ikitajwa tu hela ya filamu, lawama zote wanabebeshwa jamaa wa vibandani wanaojaza watu muvi kwenye flashi. Wanatuumiza kweli, siwatetei. Lakini yupo mwizi mwingine ambaye hatumsemi. Huyu anakula kihalali, na sahihi ya mwenye filamu iko chini ya karatasi.

Tuchukue mfano. Filamu yako imeingia tamasha la nje, wakala wa mauzo kakufuata na tabasamu. Anaiuza kwa televisheni ya Ujerumani dola 20,000. Anakata kamisheni yake asilimia 25, zinabaki 15,000. Halafu zinakuja "gharama": tiketi ya kwenda soko la Cannes, hoteli, mabango, chakula na wateja. Jumla 15,000. Wewe unaambulia sifuri! Na hiyo tiketi moja kawakata wenye filamu wangapi? Hujui, maana mkataba haukuruhusu kufungua vitabu vyake.

Msidhani ni ushamba wetu. Marekani kwenyewe kulikuwa na kampuni inaitwa Distribber. Watengenezaji huru walilipa ada ili iwapelekee filamu iTunes na Amazon na kuwakusanyia mapato. Mwaka 2019 ikaanguka, na wengi wakabaki wanadai hela ambayo watazamaji walishalipa. Hela ilipitia mfukoni mwa mtu mmoja, basi naye alipozama, ikazama naye.

Kuna wanaosema chipukizi hawezi kumpangia wakala masharti, ashukuru kuonekana. Hapo ndipo naponikereka! Mkulima wa korosho akifikisha mzigo ghalani anadai stakabadhi yenye kilo zake. Hashukuru korosho yake kuonekana. Sisi wasomi tunashindwaje?

Kabla ya kusaini, dai haya. Gharama ziwekewe kikomo kwa tarakimu. Ripoti ije kila baada ya miezi 3 au 6, ikionyesha nchi moja moja, na hasara ya Japani isifidiwe kwa hela ya Ufaransa. Uwe na haki ya kuleta mkaguzi wako. Usiuze "dunia nzima, milele": taja nchi, taja miaka. Kampuni ikifilisika au isipolipa, haki zirudi kwako. Filamu ipate namba ya ISAN, ambayo ni kama namba ya gari. Haileti hela yenyewe, ila inasaidia kujua inayozungumzwa ni filamu yako na siyo ya jina linalofanana.

Na ukiweza, mapato yaingie kwenye akaunti ya makusanyo inayoshikwa na mtu wa tatu, agawe kwa asilimia mlizokubaliana. Hiyo ina gharama, filamu ndogo inaweza isiimudu. Lakini masharti mengine karibu yote ni maneno tu kwenye karatasi. Kuyaomba ni bure.

Miaka mitatu tunafundishwa lenzi, taa na uhariri, kusoma mkataba hata kipindi kimoja hakuna. Tunafundwa kupika, halafu sahani anashika mwingine.

Naomba kutoa hoja. Anayebisha aje na hesabu, asije na picha za zulia jekundu.