WATOTO WETU SI MABANGO YA SHULE

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sisi twaiunga mkono hatua hiyo hata leo. Mtoto asomaye kwa kibatari hawezi kupangwa mstari mmoja na mwenye maabara na maktaba, kisha tukaambiwa kuwa huo ni ushindani wa haki.

Lakini orodha iliyoondolewa redioni ingali hai majumbani na mashuleni. Zipo shule, hasa za kulipia, zilizojiwekea wastani wao wenyewe. Mtoto asiyeufikia hukaririshwa darasa, au mzazi wake huitwa faraghani akashauriwa amtafutie shule nyingine kabla ya mwaka wa mtihani. Matokeo yatokapo, shule hutundika bango barabarani kwamba haina aliyefeli. Ni kweli haina, imekwisha kuwaondoa. Twashangaa kusikia jambo hili likiitwa ubora wa elimu.

Wazazi nao wana sehemu yao, na hapa twasema na wafanyakazi wenzetu. Mzazi ambaye mshahara wake waishia katika ada hafanyi hivyo kwa ubaya. Hata hivyo mwanawe huamshwa saa kumi alfajiri kuwahi basi la shule, hurudi jioni akaenda tuisheni. Jumamosi ni masomo, likizo ni kambi ya mitihani. Akikosa hesabu hukumbushwa ni fedha kiasi gani zimetumika juu yake. Mtoto hulala na deni asilolikopa. Wako wanaokosa usingizi na hamu ya chakula, wako wanaoibia mtihani, wako wanaotoroka nyumbani. Na wako, kwa masikitiko, wanaojidhuru.

Tena iko fimbo. Kanuni za nchi zamruhusu mwalimu mkuu, au aliyemwidhinisha kwa maandishi, kutoa viboko visivyozidi 4 kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kupata alama ndogo si utovu wa nidhamu, na mwalimu achapaye kwa sababu hiyo avunja kanuni, hata kama wazazi wamemshangilia.

Linalotuudhi zaidi ni kitisho kile cha kila siku: "Ukifeli utabeba zege!" Mara nyingi asemaye hivyo amelipa ada kwa jasho la zege hilo hilo. Mtoto hujifunza mambo mawili kwa mkupuo: kuuogopa mtihani na kumdharau baba yake. Mwalimu Nyerere aliliona hili mwaka 1967 alipoandika Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika, si ngazi tu ya wachache kupandia sekondari. Azimio la Musoma la mwaka 1974 nalo lilitaka mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake. Leo Sera ya Elimu, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Nani atampeleka mwanawe huko kwa furaha, ikiwa nyumbani ufundi umetajwa miaka yote kama adhabu?

Kuna swali moja ambalo kila mzazi aweza kuliuliza katika mkutano ujao wa shule, naye mwalimu mkuu alijibu mbele ya wote: watoto wangapi walianza kidato cha kwanza hapa, wangapi wamefika cha nne, na waliobaki wamekwenda wapi?