Kurudia Mtihani si Aibu

Matokeo ya Mtihani wa Serikali yafikapo Fizi na Baraka, waliofaulu hupakwa unga mweupe kichwani, na majirani huimba. Twafurahi pamoja nao. Lakini leo twataka kusema na nyumba ya pili, ambako mlango umefungwa na kijana hataki kutoka nje.

Mtihani huu, ulioanzishwa mwaka 1967, ndio njia ya kuingia chuo kikuu katika Kongo nzima. Asiyefikia nusu ya alama hapati diploma. Hata hivyo hajafungiwa njia: aweza kurudia darasa la mwisho, au kujiandikisha kama mtahiniwa aliyejisomea mwenyewe.

Mwanafunzi, kabla hujafungua tena daftari, jiulize ni wapi ulipoteleza. Mtihani una sehemu nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya tawi ulilochagua. Tena maswali huandikwa kwa Kifaransa, nawe nyumbani wasema Kibembe na Kiswahili. Pengine hesabu waijua, ila swali lenyewe hukulielewa. Basi huhitaji kuanza upya vitabu vyote; wahitaji kusoma Kifaransa kila siku, na mtu wa kukusahihisha. Arudiaye mtihani kwa njia ile ile iliyomwangusha, ajitafutia kuanguka mara ya pili.

Wazazi, twajua kwamba ada ya mtihani ni mzigo. Ndiyo sababu mvulana huenda ziwani kuvua ndagala, au machimboni Misisi kutafuta dhahabu, mpaka fedha ipatikane. Na wengine hawarudi shuleni tena. Na msichana je? Kaka yake akishindwa, husemwa: "Atajaribu tena." Yeye akishindwa, husemwa: "Aolewe." Alama ni zile zile, hukumu ni mbili! Je, hiyo ni haki?

Twawaomba jambo moja. Kabla hamjapokea mahari, mwulizeni binti yenu kama ataka kurudia mtihani. Akiitikia, gawanyeni upya kazi za kuchota maji na kutwanga muhogo, kaka zake nao wazishike, ili apate saa mbili za kusoma kabla ya giza kuingia. Kuteleza si kuanguka; na aliyeteleza husimama upesi akishikwa mkono.