Kwa Ploti Wewe Ni Mama Brayo, Kortini Wewe Ni Nani?

Leo tuguse hili neno ndoa, juu naona mtaani tunaligawa bure kama peremende.

Huku Nairobi ndoa huanza na begi. Dem anakuja wikendi, anaacha mswaki. Wiki ingine analeta sufuria. Mwezi ukiisha majirani washamzoea, na mtoto akizaliwa anakuwa Mama Brayo, stori imeisha. Hakuna mzee wa ukoo alikuja, hakuna kitu ilisainiwa. Sisi tunaita come-we-stay, watangazaji wa redio wanaita njoo tuishi, lakini muulize buda mwenyewe huyo ni nani na atakushow bila kufikiria: "Ni bibi yangu."

Sasa, serikali haiskizi buda. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, awe mke mmoja ama zaidi, na uwe umesajiliwa. Milango ni mitano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Come-we-stay haina mlango. Kitu inachekesha ni kwamba hiyo sheria, pale mwanzo inapoeleza maneno, imetaja watu wanaoishi pamoja muda mrefu kama mke na mume bila kuoana. Imewataja, halafu ikanyamaza. Ni kama ualikwe sherehe, utambulishwe kwa maiki, alafu ukose kiti.

Zamani korti ndizo zilikuwa zinaokoa watu. Kesi inayotajwa sana ni ya Yawe, 1976. Rubani Mganda aliyekuwa akiishi Nairobi alikufa kwa ajali, na mama aliyekuwa ameishi naye miaka 9 na kuzaa naye watoto 4 akaambiwa hakuwa bibi. Korti ya rufaa ikasema zii, watu wakiishi hivyo muda mrefu na kila mtu anawajua kama mke na mume, tutachukulia wameoana. Wamama wengi wameinherit kupitia hapo.

Alafu ikafika tarehe 27 Januari 2023. Korti ya Juu ilikuwa na kesi ya watu wawili walioishi pamoja miaka 25, kuanzia 1986 hadi 2011. Walikuwa wanagombania ploti ya Dagoretti yenye nyumba za kukodisha, na title ilikuwa na jina la mama. Miaka 25, manze! Majaji wakasema hiyo si ndoa, juu mama alikuwa bado ameolewa na mtu mwingine, so hangeweza kuolewa tena. Lakini hawakumwacha buda mikono mitupu. Walisema kila mtu aliweka jasho, wakagawa: mama asilimia 70, buda asilimia 30. Ukiangalia poa, hapo waligawana kama watu walioanzisha biashara pamoja, si kama mke na mume.

Kitu kubwa ni vile waliongeza. Kuchukulia watu wameoana sasa ni kwa nadra sana, na anayedai ndoa ndiye ataprove: kwamba mliishi pamoja kitambo, kwamba kila mmoja alikuwa huru kuoa ama kuolewa, kwamba mlikusudia ndoa na mkajionyesha kwa watu hivyo. Hapo kwa kukusudia ndio naona noma. Utaprove aje mtu alikusudia nini, na yeye ashaenda? Huyo aliyekuwa anakuita bibi mbele ya maboyz wake, mkikosana atasema alikuwa anakusaidia na rent tu. Na akifa, ni ndugu zake watasema hivyo, na ile keja imejaa vitu mlinunua pamoja itafungwa kufuli mpya kabla hata ya mazishi. Mwaka wa 2021 sheria ya urithi nayo iligeuzwa ikasema mke ama mume ni yule anayetambuliwa na hiyo Sheria ya Ndoa. Wengi walishangilia wakidhani waliokatwa ni mipango ya kando. Hawakujua hata Mama Brayo yuko kwa hiyo laini.

Na usidhani cheti ni dawa ya kila kitu. Wambui Otieno alikuwa ameolewa kisheria kabisa, na bado 1987 ukoo wa Umira Kager ulimshinda kortini, S.M. Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya, baada ya miezi mitano mochari. Lakini hata hapo, hakuna mtu angemwambia hakuwa bibi.

Wale majaji wa 2023 waliambia Bunge na Mwanasheria Mkuu watunge sheria ya watu wa come-we-stay. Mimi singengojea wabunge. Watu wengi hudhani ndoa ya kimila ni hadi ng'ombe zote zifike ushago, na ndio maana buda anasema "bado najipanga" miaka nane. Sheria inasema mahali mila inataka mahari, hata kidogo cha kuonyesha nia kinatosha kuprove ndoa. Mkishamaliza sherehe, mna miezi mitatu ya kumjulisha msajili wa ndoa. Kwa hivyo akikuambia tena bado anajipanga, muulize anapanga nini.